Kitabu Kilichoanikwa Pamoja na Omena

Mmeniuliza sana, na kila mmoja nimemjibu kipande chake. Huyu nimemwambia ya feri, yule nimemwambia ya Mama Dorsila, mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Basi naandika yote mara moja, tangu nilipotoka Kisumu hadi niliporudi. Mambo ya barua za ruhusa na nani alimpigia nani nimeyaacha, hayana ladha.

Kwa wale mliopewa simulizi hii na wenzangu na hamnijui: kazi yangu ni kutengeneza vitabu vikongwe. Sivichapi wala siviuzi. Kitabu kikiliwa na mchwa, kikilowa, kikivunjika mgongo, huletwa kwangu nikakishona na kukiziba palipochanika, kikarudi kwa mwenyewe kikiwa kinafunguka. Nina chumba kimoja karibu na soko la Kibuye, meza ndefu, presi ya chuma, na sufuria ya gundi ya wanga ninayoipika mwenyewe. Majirani wameamini kwa miaka kwamba ni uji, na wanashangaa sijawahi kuwakaribisha.

Kisumu hadi Luanda Kotieno

Owino alinipitia asubuhi na gari lake. Ni mhandisi, anakaa Milimani katika boma lenye miti mingi kuliko watu, na ni mtu wa kuuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Alitazama mzigo wangu, mbao mbili laini, brashi, unga wa wanga, karatasi za kufyonza maji, akauliza mashine iko wapi. Nilimwambia mashine ni mikono. Hilo hakuwa na jibu lake, kwa hiyo alinyamaza mpaka Kisian.

Habari yenyewe alikuwa ameshanieleza kwa simu siku iliyotangulia. Baba yake mdogo, marehemu Zakaria, alikuwa kiongozi wa kanisa dogo kisiwani Mfangano. Maisha yake yote alitunga nyimbo za Kiluo na kuziandika kwa mkono katika kitabu kinene, alichokifunga mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe na uzi wa nyavu. Hazikuwahi kuchapwa wala kunakiliwa popote. Sasa ziwa lilikuwa limepanda tena, maji yakaingia kanisani mpaka kwenye sanduku la kitabu.

Ndani ya gari ndipo alinieleza kwa nini alikuwa na haraka. Vijana wa kanisa siku hizi wanaimba nyimbo za kwenye simu. Anayezijua za Zakaria ni mjane wake, Mama Dorsila, na macho yake yamefungwa na mtoto wa jicho, hawezi tena kusoma. Mama huyo alikuwa amewaambia watu wazi kwamba anataka azikwe kwa nyimbo za mumewe, na kwamba kitabu kikifa kabla yake hakuna atakayeweza kuzianzisha siku hiyo.

"Hiyo ndiyo kitu moja tu anaomba," Owino alisema. "Hataki ng'ombe, hataki tenti. Anataka kitabu."

Mimi ni Mulogooli, nimetoka kwenye mawe ya Vihiga, na miaka yangu yote Kisumu nimezoea kusikia watu wa ziwani wakipanga mazishi yao wangali wazima, kwa sauti ya mtu anayepanga kupanda mahindi. Kwa hiyo sikulichukulia kwa uzito uliostahili.

Agizo langu kwa watu wa kisiwa lilikuwa limetangulia. Nilikuwa nimewaambia wasikifungue, wasikipeleke juani, wakifunge kwa kitambaa safi na nailoni, kisha wakiweke ndani ya friza ya samaki iliyopo ufukweni. Kitabu kilicholowa huanza kuota ukungu upesi sana, na baridi kali husimamisha kila kitu mpaka fundi afike akikaushe polepole. Walijibu "sawa". Mtu aliyekaa sana na watu wastaarabu anajua kwamba "sawa" ni neno la heshima, halisemi lolote kuhusu kitakachofanyika. Nami nililijua hilo, lakini nilijisahau.

Ndori tulisimama kula nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa vizuri mpaka yanapasuka. Owino alisalimia watu wote wa soko, akakumbuka kwamba mmoja hajamsalimia, tukarudi nyuma. Kutoka hapo tulipita Madiany bila kusimama, na tulipofika Luanda Kotieno alinishusha, akageuza gari kurudi kazini.

Kuvuka kwenda Mbita

Feri ilikuwa inaonekana lakini haifiki. Upepo ulikuwa umeyasukuma magugu maji yote yakajazana mbele ya gati, na feri ilisimama nje yake ikinguruma. Watu hawakukasirika. Walitandika leso, wakatoa vyakula, mmoja akalala kabisa.

Niliingia hoteli ya mama mmoja anayepika ngege wa mchuzi, nikaagiza na ugali. Owino alikuwa amemwachia maneno kwamba anitunze kwa sababu mimi ni daktari wa vitabu. Yeye alishika la udaktari tu. Kabla sijanawa mikono alikuwa ameketi mbele yangu, amepandisha mguu kwenye benchi, ananionyesha goti. Nilimweleza kwa adabu kwamba ninachotibu ni mgongo wa kitabu.

"Sawa tu, Daktari," alisema. "Hata mgongo pia inaniuma."

Alicheka mwenyewe, na nadhani alikuwa ameshanielewa zamani. Aliniongezea kipande cha samaki.

Nikiwa hapo nilipiga simu kisiwani. Alipokea Atieno, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ambaye ni mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani. Nilimuuliza kitabu kikoje. Akasema nisiwe na wasiwasi, wameshakishughulikia, kinaendelea vizuri. Nilimshukuru, nikaagiza chai ya pili na kuinywa nikiwa na raha tele. Magugu yalipotawanyika, feri ikaja, tukavuka.

Mbita nilikuta boti ya mwisho imeshaondoka. Nililala kwenye nyumba ya wageni yenye picha ya theluji ukutani.

Mbita hadi kisiwani

Boti ya asubuhi ilikuwa imebeba kreti za soda, mabati, na sofa nzima ya watu watatu. Mwenye sofa alikuwa ameketi juu yake katikati ya maji, amevaa jaketi la kuelea, miguu ameikunja kama yuko sebuleni. Nahodha aliniuliza kama najua kuogelea. Nilipomwambia natoka Vihiga hakuuliza zaidi, alinihamisha mpaka karibu na mitungi mitupu ya plastiki na kuniambia likitokea la kutokea nikumbatie huo wa njano.

Halikutokea. Maji yaliturushia kidogo tu, na mwenye sofa alitumia safari nzima kuifuta kwa shati lake. Aliniuliza naenda kwa nani. Nilipotaja kitabu cha Zakaria alisema anakijua, mama yake alizikwa kwa wimbo wa humo. Aliniuliza kama kitapona. Nilimjibu kwa uhakika kwamba kipo ndani ya friza, kwa hiyo hakijaharibika zaidi.

Kwenye nyavu

Ufukweni akina mama walikuwa wameinama juu ya nyavu za kuanikia omena. Kisiwani hapo hawaanikii chini, wametengeneza vichanja vya miti na kutandaza nyavu juu yake ili upepo upite chini. Nilisalimia, nikapita nyavu ya kwanza, nikapita ya pili. Ya tatu haikuwa na omena. Ilikuwa na karatasi.

Kitabu kizima kilikuwa kimetandazwa pale, ukurasa kando ya ukurasa, kila mmoja umewekewa jiwe dogo pembeni. Mama mmoja alikuwa anapita akizigeuza kwa vidole, mwingine anafukuza ndege kwa kijiti. Jalada la ngozi lilikuwa linaning'inia kwenye kamba pamoja na nguo za watoto.

Nilikasirika, sitaficha. Niliweka mzigo wangu mchangani na kuuliza ni nani aliyewaambia wafanye hivyo, na sauti yangu haikuwa ya mgeni.

Atieno alijifuta mikono kwenye leso, akaja. Ni mwanamke mpana, mtulivu, na hakuonekana kuwa na kosa lolote moyoni.

"Madam, pole kwa safari," alisema. "Hiyo friza tuliangalia. Lakini kitu ya mzee wetu, Jaduong', huwezi weka kwa barafu kama maiti. Mama Dorsila alikataa kabisa, na sisi pia tukaona si vizuri. Sasa tukasema, si sisi tunajua kukausha? Omena ikilala na maji inaoza. Lakini ukitandaza nyembamba, ugeuze, upepo ipite, haiwezi oza."

Walikuwa wamekata uzi kwa wembe. Ule uzi wa nyavu ulikuwa umeshalila kunjo la karatasi kwa miaka mingi, kwa hiyo kurasa zilitoka moja moja bila kuchanika. Nilianza kuzipitia nikitafuta ukungu, nikitaka kabisa kuuona ili nipate la kusema. Sikuuona. Kurasa hazikuwa zimegandana popote. Zilikuwa zimekunjamana kidogo, na zilinuka, na nyingine zilikuwa na magamba, lakini zilikuwa kavu.

Wino ndio ulionipa huzuni. Nyimbo nyingi Zakaria aliziandika kwa biro, na biro haikujali maji wala jua. Zile za ujanani alitumia kalamu ya wino, na humo maneno yalikuwa yamefifia, mistari mingine imebaki kivuli cha buluu. Nilimweleza Atieno hilo. Alisikitika kweli, akaita wenzake nikawaeleza tena, nao wakasikitika. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Tukiwa bado tunaongea, mvua ilitokea ziwani. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi kwa kasi ile. Hawakupiga kelele, kila mmoja alishika beseni na kukimbilia nyavu, wakakumba omena kwa mikono miwili na kuzimwaga ndani. Kurasa nazo walizikumba hivyo hivyo. Matone makubwa yalipoanza kuanguka, kila kitu kilikuwa chini ya bati. Hakuna ukurasa uliolowa tena, na hakuna ukurasa uliojua jirani yake ni nani. Zakaria hakuwahi kuandika namba.

Hapo ndipo alipotoka Mama Dorsila. Ni mrefu, mwembamba, anatembea na fimbo lakini haiegemei, anaitanguliza tu. Aliketi kando ya beseni na kuingiza mkono ndani, akauliza kama zote zimetoka. Nilimjibu zote zipo, ila zimechanganyika.

"Kuchanganyika si kupotea, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Pole na hasira."

Wazee wa kanisa walikaa jioni. Walikubali kitabu kiende Kisumu kushonwa, lakini kwao kitu cha marehemu hakilali ugenini peke yake, lazima kiende na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye mfuko kabla kikao hakijaanza. Tulikula ugali na omena zilizokauka siku ile, na zilikuwa tamu sana, nilijilazimisha tu kutofikiria nyavu ya jirani.

Kurudi na beseni

Mama Dorsila alilibeba beseni mapajani, limefunikwa kitambaa cheupe. Nahodha alitaka liwekwe chini na mizigo. Mama alimgeuzia tu uso wake usioona, na nahodha akaenda kuwasha injini.

Mbita kulikuwa na lori limekwama kwenye daraja la feri, magurudumu ya mbele ndani na ya nyuma nje. Dereva alisema ni jambo la muda mfupi. Tulipoona analeta mkeka tuliketi kivulini, nikaona tuanze kazi hapo hapo.

Kiluo changu ni cha sokoni. Najua bei na salamu, basi. Lakini herufi ni zile zile, naweza kusoma kwa sauti hata nisichokielewa. Tulikubaliana hivi: nachukua ukurasa, nasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, Mama anasikiliza, kisha ananiambia ni wimbo upi na kipande gani. Macho yalikuwa yangu na masikio yake. Nilikuwa nazo karatasi za kutenganishia, nikapanga mafungu kwenye mbao zangu.

Mama wa mandazi aliyekuwa karibu alistahimili kidogo, halafu akashindwa. Alisema anaomba radhi lakini vile ninavyosoma mtu anaweza kudhani Mungu anatukanwa. Alinisahihisha. Abiria wengine wakasogea, kila nikisoma wanacheka, kisha wanalirudia neno taratibu kama wanaomfundisha mtoto, nami nalirudia. Mwingine alisema ananijua, mimi ndiye daktari wa magoti. Mama Dorsila naye alicheka mpaka akashika mbavu. Mafungu yaliongezeka, na nikajikuta natamani lori likae pale pale.

Kisha nikashika ukurasa usio na kitu. Ulikuwa wa wale wa kalamu ya wino, na wino wote ulikuwa umeondoka. Nilimwambia Mama huu hausomeki. Aliniuliza zipi zimebaki za ujanani. Nikamtajia mianzo ya zile tulizopanga, naye akawa anazihesabu kimoyomoyo. Alipomaliza aliutaka ukurasa ule, akaushika kwa mikono miwili.

"Huu ni wangu," alisema.

Nilielewa polepole, kwa maswali mengi. Katika kanisa lao kila mtu mzima huchagua wimbo wake wa kuzikiwa, akamwambia kiongozi. Tangu siku hiyo wimbo huo hauimbwi tena na yeyote mpaka mwenyewe afe. Ukishaimbwa siku yake unabaki kuwa wake, kanisa linaweza kuuimba kumkumbuka, lakini hakuna mwingine atakayezikwa nao. Mama Dorsila alichagua wake akiwa bibi arusi bado, kwa sababu Zakaria alikuwa ndio kwanza ameutunga na yeye aliupenda. Kwa hiyo haujaimbwa tangu wakati huo. Waliousikia wote wamekufa. Ulikuwa umebaki kwenye ukurasa ule na kichwani mwake.

Nilimwomba auimbe nami niandike. Alikataa. Nikamwambia basi aseme maneno tu bila sauti ya wimbo. Akakataa. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeomba kitabu kipone ili azikwe nacho, na sasa hicho hicho anachokitaka ndicho kitakachokosekana.

"Najua," alisema. "Lakini mtu hawezi jiimbia. Ukiimba huo wimbo na hakuna maiti, unaita moja."

Lori liliondoka, tukapanda feri. Njia yote ya maji nilisikia uchungu usio wa kazi. Nimeshapoteza kurasa za watu wengi, ndiyo kazi ilivyo, lakini mwenye ukurasa huwa hajaketi kando yangu akiwa na maneno yote kichwani na mdomo ameufunga. Owino alitupokea Luanda Kotieno na kutupeleka Kisumu, akiuliza na kujijibu.

Kisumu tena

Mama Dorsila alipewa chumba kizuri Milimani, na akakichoka siku ya kwanza. Alisema hakuna wa kusalimiana naye ila mlinzi. Basi kila asubuhi Owino alimleta kwangu, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha akisikiliza kelele za Kibuye, na jioni alikuja kumchukua.

Nilifanya kazi kama kawaida. Nilitoa magamba kwa brashi laini, moja baada ya jingine. Nililainisha kurasa kwa unyevu kidogo na kuzilaza chini ya presi. Palipochanika nilibandika karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga, ambayo fundi mwingine baadaye anaweza kuitoa kwa maji bila kuumiza kitu. Uzi wa nyavu niliuweka kwenye bahasha kama kumbukumbu, nikaandaa uzi wa kitani, ambao unashika bila kukata. Jalada nililipaka mafuta mpaka likakubali kukunjika. Mama alitaka kuambiwa kila hatua, na alipenda sana kuishika gundi.

Ulibaki ule ukurasa mtupu. Niliamua kuushona mahali pake vile vile ulivyo. Kuandika juu ya ukurasa wa mtu ni mwiko kwa fundi, na hata hivyo sikuwa na cha kuandika. Lakini kabla ya kushona niliutazama kwa ile taa ya zambarau, ndogo, inayotumika dukani kukagua noti bandia. Wino uliooshwa hauondoki wote, kuna unaobaki ndani ya karatasi, na mara nyingine taa hiyo huutoa. Nilifunga pazia, nikaiwasha. Mistari ikatokea, myeusi na dhaifu, mingine imekatika, lakini ni maneno.

Nilifurahi mno, na kwa furaha hiyo nikafanya kile nilichokuwa nimekifanya kwa kila ukurasa tangu Mbita. Nikasoma kwa sauti.

Mama Dorsila alipiga meza kwa kiganja, brashi zikaruka.

"Umesoma nini?"

"Mistari miwili tu, Mama. Ya mwanzo."

"Umeanza."

"Nisamehe, Mama. Sikufikiria."

"Umeanza," alirudia. "Mstari moja ni ya kutambua tu, mbili zikifuatana ni kuanza, na huo haukatwi katikati. Ikishaanzwa lazima iishe, na lazima ikuwe ya mtu. Nani amekufa?"

Nilisema sijui aliyekufa. Niliogopa, nasema ukweli. Mimi si wa kanisa lao na mambo mengi ya namna hii huwa nayapita kando, lakini nilisimama pale na taa mkononi nikimtazama mwanamke mzee niliyemleta mwenyewe kutoka kwake, nikaogopa kwamba nimemfanyia kitu kisichoweza kubandikwa karatasi. Owino alikuwa ameshafika kumchukua, amesimama mlangoni, na alipoona nyuso zetu hakuuliza chochote.

Kisha Mama akaanza kuongea, kwa Kiswahili ili nami nisikie. Alisema Zakaria aliandikia kila mtu wimbo wake, lakini hakuchagua wa kwake. Yeye ndiye aliyekuwa anaambiwa, hakukuwa na wa kumwambia. Alipofariki, wanawe na wakwe walikuja kutoka mjini na spika kubwa na muziki wa mjini, na mazishi yakawa makubwa. Yeye alikuwa ndani ya nyumba na mwili, mahali pa mjane, hakuweza kutoka kwenda kuwaambia wazime.

"Zakaria alizikwa na spika," alisema. "Hakuna wimbo hata moja yake iliimbwa. Owino, ulikuwa."

"Nilikuwa, Mama," Owino alisema.

"Basi huu ukuwe wake."

Alisimama, akaegemeza fimbo mezani, akaimba. Sauti yake ilikuwa kavu na ya chini, na haikutetemeka. Niliwasha taa tena nikamfuata mstari kwa mstari, na kila palipokuwa pamekatika nilisikia neno lililokosekana, nikaliandika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Owino aliinamisha kichwa, na mistari ya mwisho iliporudiwa aliiitikia. Mimi nililia, na niliendelea kuandika.

Ulipokwisha Mama aliketi, akaomba chai. Nilimpa. Nilimwambia nimeyapata maneno yote, nitayaweka kwenye karatasi yake kando ya ukurasa, na siku yake ikifika hakuna atakayekwama.

"Siku yangu na huo?" aliuliza. "Huo ni wa Zakaria. Mimi sasa sina."

Mama alimaliza chai yake bila haraka, akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono mpaka akaigusa ngozi ya jalada.

"Fungua mwanzo," aliniambia. "Soma."

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Kitabu kimeshashonwa, kiko tayari kurudi kisiwani, na wanaopita Kibuye wanatusikia, mimi nikisoma vibaya na yeye akisikiliza hadi mwisho wa kila wimbo usio na mwenyewe, akitafuta wake. Huu ni wa harusi, anasema. Huu mrefu, watu watachoka na jua. Huu aliutaka Atieno, uruke, na usimwambie nimekuambia. Tumepita nusu ya kitabu. Jana Owino aliuliza kutoka mlangoni kama awashe gari, na Mama alimwambia angoje, kisha akanigeukia.

"Endelea."